Mlipuko wa Siku ya Varvara

Wakubwa wa Bucharest wanasema mume wangu aliponzwa na ukaidi wake. Waongo wakubwa! Octav aliponzwa na mimi, mkewe, Veturia, kwa kalamu ya wino wa bluu. Nina miaka sabini na sita, meno mengi yameshakwenda zao, na sina tena wa kumwogopa. Acheni niseme.

Stesheni ya mitetemeko ya kijiji chetu iko chini ya nyumba ya baba yangu, katika ghala alimokuwa akiweka mapipa ya mvinyo. Octav alikuja mwaka hamsini na tano, kijana mwembamba mwenye masanduku mawili ya serikali, anatafuta mwamba mgumu wa kuwekea mashine. Akaupata chini ya mapipa yetu. Baba alimwambia, "Mwamba chukua, kijana, ila binti niachie." Alichukua vyote viwili. Baba alinuna mpaka mavuno.

Kazi ya mashine nilifundishwa mimi, kwa sababu Octav wiki nzima alikuwa mjini akifundisha chuoni. Unaipaka karatasi masizi juu ya moshi wa taa, unaizungusha kwenye rola, na sindano inachora mstari mweupe kutwa kucha. Kila siku saa mbili asubuhi unaitoa, unaichovya kwenye vanishi, unaweka nyingine. Ardhi ikitikisika, sindano inaruka mara mbili, wimbi la kwanza na wimbi la pili. Unahesabu sekunde zilizopita kati ya hayo mawili, unazidisha kwa nane, unapata umbali kwa kilomita. Basi, ndiyo elimu yenyewe. Na mitetemeko ya chini ya milima yetu ilikuwa ya aina mbili tu: ya juujuu, sekunde tatu nne, na ya kina kirefu, sekunde kumi na tatu na kuendelea. Hapo katikati palikuwa na pengo. Hapakusikika kitu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimuuliza kwa nini milima inatembea. Akakishika kitambaa cha meza cha mama yangu, kile kilichotariziwa, akakivutia upande mmoja mpaka nusu yake ikaning'inia. "Unaona? Kilichoning'inia ni kizito, kinavuta kilichobaki mezani. Na ganda la dunia ni hivyohivyo. Kipande kilichozama chini yetu kinavuta vingine nyuma yake." Kitambaa kikateleza kweli, na bakuli la supu likaenda nacho.

Mama alimtazama, akatazama supu. "Mkwe wangu," akasema, "kesho hiyo dunia ukaiangushie kwenu."

Tulicheka siku nyingi. Lakini Octav alikuwa hachezi. Alisema kitu kinachovutwa kwa nguvu ileile mwaka hadi mwaka lazima kipasuke kwa zamu zake, na zamu zinahesabika. Tetemeko kubwa la mwisho lilikuwa la mwaka arobaini. Akakaa na penseli majira ya baridi mawili, akatoa jibu: lijalo ni karibu na mwaka tisini. Alikuwa anatembea na ile karatasi mfukoni kama mtu mwenye cheti.

Tulipata mtoto mmoja, Sanda. Binti mrefu, mwenye kicheko cha kuudhi, anayekula jibini kwa kijiko kama vile halinunuliwi. Mwaka sabini na saba alikuwa anasomea ufamasia Bucharest, amepanga chumba ghorofa ya tano.

Kwetu tarehe mosi Machi watu hupeana uzi mwekundu na mweupe, unafungwa mkononi, mtu anauvaa mpaka miti itoe maua. Nilimpelekea wake kwa posta. Siku hiyo ya mosi akapiga simu kushukuru, na sauti yake haikuwa sawa. "Mama, vikombe vya kabatini vimelia wenyewe, mara mbili wiki hii. Wenzangu wanasema ni lori. Mimi naogopa. Nije nyumbani Ijumaa?"

"Njoo," nikamwambia. "Njoo, mwanangu, nitakupikia zile kabichi za nyama."

Octav akaninyang'anya simu. Alikuwa anatabasamu, Mungu anisamehe, namwona mpaka leo. "Sanda, hesabu hizi anazipiga nani, si baba yako? Bado miaka kumi na mitatu. Ijumaa kaa usome, una mtihani."

"Haya, baba," akasema. Nilimsikia mpaka pale niliposimama. "Ila ukikosea utanipikia wewe, mwezi mzima."

Ijumaa, tarehe nne, saa tatu na dakika ishirini na mbili usiku. Nisiulizwe zaidi ya hapo. Walimtoa kifusini siku ya tatu, na uzi ulikuwa bado mkononi.

Miaka miwili Octav hakusema jambo la maana. Aliacha chuo, akaja kukaa nami moja kwa moja, akawa mtu wa kupasua kuni. Alikonda, suruali anaishikilia kwa mkono. Zamani aliniita mama Sanda, kama wanaume wote wenye watoto. Sasa nikawa Veturia, kama karani anayeita majina. Nilikuwa namwekea sahani, naondoa sahani. Nikimwangalia usingizini najiuliza kama nitamzika kabla ya msimu wa plamu kwisha, na kuna siku, nisifiche, nilikuwa naona sawa tu.

Ndipo asubuhi moja ya mwaka sabini na tisa akaingia jikoni na kile kitambaa cha marehemu mama, na mkasi. Akakitandika, nusu mezani nusu inaning'inia. Kisha akakikata. Mimi ninayegomba kikombe kikipata ufa, nilisimama tu. Nusu moja ikaanguka sakafuni. Ya mezani ikabaki palepale, haikusogea hata kidogo.

"Imekatika, Veturia," akasema. "Lile pengo, pale pasiposikika kitu, ndipo ilipokatika. Kipande kilichozama kinaning'inia peke yake, hakijashikana na chochote. Na bado milima inasogea, tumeipima. Kwa hiyo siyo kuzama kunakoivuta. Tumeshika mkia tukadhani ndio kichwa. Dunia nzima imedanganyika."

"Na zile hesabu zako?" nikauliza.

"Hesabu za mvuto ambao haupo." Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu mazishi. "Hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Unanielewa? Hakuna mtu."

Nilimwelewa vizuri kuliko wakubwa wote wa Bucharest walivyokuja kumwelewa. Kama kipande kinavuta, basi hesabu ilikuwa inawezekana, na aliyeikosea ni yeye. Kama kimekatika, hakuna aliyekosea. Aliketi akala sahani mbili za ugali na jibini, na krimu juu yake. Nilikwenda nje nikalia nyuma ya banda la kuku.

Hazikupita wiki tatu. Saa mbili asubuhi natoa karatasi, naona kitu kidogo, sekunde saba. Saba mara nane, hamsini na sita. Katikati ya pengo. Kama pale pamekatika, hapawezi kutikisika, maana hewa haipasuki. Kama panatikisika, pameshikana. Mtoto wa shule angejua.

Sasa, yapo machimbo ya mawe ya Stanca, kilomita hamsini na kitu kutoka kwetu. Wakilipua mwamba, sindano yetu inaonyesha sekunde saba vilevile, maana mashine haijui kama umbali ni wa kwenda chini au wa kwenda pembeni. Tofauti ni moja. Baruti husukuma ardhi nje, kwa hiyo sindano huanza kwa kwenda juu, siku zote. Hii ilikuwa imeanza kwa kwenda chini.

Niliiona. Sitasema sikuiona. Juu yangu, ghorofani, Octav alikuwa anapiga mluzi akinyoa ndevu. Miaka miwili nilikuwa sijausikia ule mluzi. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni M, yaani mlipuko, nikaitia karatasi katika sanduku la tufaha chini ya ngazi. Karatasi za milipuko hakuna anayezisoma mara ya pili. Ndivyo kazi ilivyo, na Octav aliyaamini macho yangu kuliko yake.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na minne. Ilikuwa mitetemeko midogo mno, stesheni nyingine haziipati, ni sisi tu tuliokaa juu yake. Ya mchana niliandika mlipuko, ya usiku niliandika lori limepita. Jioni Octav anakaa na taipureta, anawaandikia watu wa Bucharest, wa Moscow, wa Roma, na wanamrudishia makala zake na maneno ya adabu. Nyuma yake walimwita Octav wa Kitambaa. Yeye anajibu jambo lilelile kila mara: "Nionyesheni mtetemeko mmoja katika lile pengo. Mmoja tu, nitanyamaza." Ananisomea barua kabla ya kuifunga. "Ni kali mno, au siyo?" Nami nakoroga supu, namwambia, "Ni sawa, Octav. Waache wakome."

Mmoja tu! Na mimi ninayo sanduku zima.

Mwaka tisini na mbili mambo yalianza kugeuka. Vijana wa huko nje walikuwa wanauliza maswali yaleyale, kama ni kuzama kunakoisogeza dunia au kuna kingine, na ghafla mzee wa kitambaa akawa mtu wa kutajwa. Mwaka uliofuata, Oktoba, kitabu chake kikatoka. Aliwakatalia kukizindulia mjini. "Kitazinduliwa kwenye mwamba wenyewe," akasema. Wakaja kwa basi, watu ishirini na wawili wenye makoti mazuri, tukawapangia meza uani, adhuhuri, jua la kuaga mwaka. Nilipika siku mbili. Alivaa tai aliyonunuliwa na Sanda. Nilimwona mume wangu mzuri tena.

Na alikuwa amemwalika mgeni mmoja wa kwake mwenyewe: mzee Haralambie, fundi baruti mstaafu wa machimbo ya Stanca. Mtu mnene, amebakiwa na vidole vinane, anaongea kama bado mwamba unalia masikioni. Alikuwa hajui kwa nini kaitwa, lakini mvinyo wa plamu hakuusogeza mbali.

Baada ya hotuba, Octav akasimama na kitabu. "Ndugu zangu, mmewasifu maprofesa. Mimi namshukuru huyu. Kitabu kizima kinasimama juu ya pengo, na ili kulijua pengo ilibidi tuijue kila baruti aliyowasha, tuitenge. Mke wangu ameziandika zote. Mzee Haralambie, maisha yako yamo humu, nyuma ya kitabu, kurasa nne!"

"Loo! Hata mke wangu hajui nilikokuwa," akasema Haralambie, "na wewe umeniandika!" Watu wakacheka. Akanyanyua glasi. "Haya, nisomee nijisikie."

Octav akafungua popote. Naapa kwa mwanangu, alifungua popote tu. "Tarehe kumi na nane Novemba, mwaka themanini na sita, saa sita mchana."

"Hiyo ni yangu. Ukuta wa kaskazini."

"Tarehe nne Desemba, mwaka huohuo, saa nne na dakika kumi asubuhi."

"Hapana," akasema Haralambie.

"Iko hapa, mzee."

"Na iwepo! Tarehe nne Desemba ni Varvara. Mtakatifu wetu, sisi wa baruti na wa mashimo. Profesa, siku ya Varvara mimi sikuwashia hata mke wangu jiko. Mwaka mmoja tulipelekewa mtu wa chama atusimamie, tukamwambia tunapaka grisi vyombo, tukapaka grisi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na yeye tukampaka kidogo. Miaka thelathini na moja, Varvara, haujalia mlipuko Stanca. Ukiwasha siku hiyo, mwakani wewe huhesabiwi tena." Akainua ule mkono wenye vidole vitatu. "Zamani, kwenye machimbo mengine, rafiki yangu alibisha akawasha; vidole vyangu viwili vilikwenda naye."

Wageni walicheka wakidhani ni mzaha wa kijijini. Octav naye alicheka. Akasema, "Basi mke wangu alisinzia siku hiyo," akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Mkosi gani huu? Mimi ni mtoto wa kijiji hiki. Ningeweza kukumbuka siku za watakatifu wote, siku ya kutofua, siku ya kutoshona, na ya wenye baruti ilinipita. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alikifunga kitabu, akasema anakwenda kuleta chupa nyingine, akashuka ngazi.

Nilimfuata. Nilimkuta ameshalifungua sanduku la tufaha, na karatasi ya Varvara iko juu ya pipa, na kioo cha kukuzia kiko jichoni. Juu yetu watu walikuwa wameanza kuimba.

"Inaanza kwa kwenda chini," akasema.

"Ndiyo."

"Uliona?"

"Niliona."

"Lini?"

"Asubuhi yake ileile, Octav."

Akachukua ya pili. Ya tatu. Alikuwa anazishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua shuka la maiti. "Ziko ngapi?"

"Arobaini na moja."

Akaketi juu ya ngazi, tai imepinda. "Miaka yote hii nawaambia wanionyeshe mmoja," akasema polepole. "Na wewe ulikuwa unakoroga supu."

"Ulikuwa umeanza kula," nikamwambia. "Siku uliyokikata kitambaa, ulikula. Ningefanya nini? Ningekuletea karatasi, nikuue? Niliwaza, acha dunia iwe imekatika, dunia ina hasara gani?"

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia, angenipiga hata na chupa! Alikaa anaitazama sindano ikichora mstari wake, mweupe, mnyoofu, haina habari na mtu. "Basi haijakatika," akasema. "Basi inavuta, na hesabu iliwezekana, na niliikosea mimi." Kisha akasema lile ambalo miaka kumi na sita hakuna kati yetu aliyelitamka ndani ya nyumba ile. "Nilimwambia akae."



"Mama Sanda," akaniita. Baada ya muda wote ule! "Niambie kweli. Unaona ni mimi?"

Jamani. Jibu lilikuwa moja, dogo, mtoto angeweza kulisema. Nilikuwa nimedanganya mara arobaini na moja kwa mkono usiotetemeka, na ilibaki mara moja tu, ya mdomo. Lakini niliisikia simu. Nilijisikia nikisema njoo, nikamwona akininyang'anya, anatabasamu.

"Hapana," nikasema.

Nilichelewa. Kidogo tu, lakini huyu alikuwa mtu aliyeishi kwa kupima muda kati ya wimbi la kwanza na la pili. Alikuwa ameshalisoma jibu kabla sijafungua mdomo.

"Haya," akasema. Akanyoosha tai, akachukua chupa mbili, akapanda kwa wageni. Alikula, aliimba nao, alimsindikiza Haralambie mpaka kituoni akiwa amemshika kwapa. Usiku hakulala kitandani kwetu. Alilala chumba cha Sanda, na tangu hapo hakukihama.

Jumatatu akaandika barua ya kukiondoa kitabu. Aliitaja mitetemeko yote arobaini na moja, tarehe na sekunde. Bucharest walisherehekea. Walisema aliificha makusudi, walisema ukaidi, kuna gazeti liliandika neno mwizi. Hakujibu hata moja. Taipureta aliifunika. Ugali alikula kijiko kimoja kimoja, kwa adabu, kama mgeni. Februari ya mwaka wa pili hakuamka, na daktari aliandika moyo.

Nakala ya barua niliikuta katika mfuko wa koti lake. Mstari wa mwisho nimeukariri: "Karatasi hizi zote nilizisoma na kuziwekea alama mimi mwenyewe. Mke wangu kazi yake ilikuwa kubadilisha karatasi tu." Naye aliniandikia M, mlipuko wa uongo, wa arobaini na mbili, ili mtu asiniguse.

Niliwaandikia wakubwa. Mara tatu! Niliwaambia ni mimi, tazameni mwandiko. Walinijibu vizuri, kwenye karatasi nene, kwamba wanaelewa uchungu wa mjane na uaminifu wake unagusa moyo. Sasa nifanye nini, niende nikapige kelele barabarani?

Tarehe nne Machi nachemsha ngano ya marehemu, naipeleka kaburini. Wamelala pamoja, msalaba mmoja, majina mawili. Kwa Sanda nakaa, nampa umbea wote wa kijiji, nani kaolewa, nani kaachwa. Kwa Octav sikai. Nikiufungua tu mlango wa makaburi, hata kabla sijauona msalaba, naanza kusema haraka haraka, watu wanadhani nasali. Hapana, Octav. Hapana, si wewe, hapana. Nasema mpaka nafika, naiweka ngano chini, na ninajua nimechelewa.